Awut Alivyojiandaa Kwenda Bor

Kama kuna kitu Awut alikichukia katika kambi nzima ya Kakuma, kushinda vumbi, kushinda miiba ya vichaka vya mathenge, kushinda hata foleni ya mgao, basi ni filimbi ya Céline, mwalimu wa mazoezi. Filimbi yenyewe ilikuwa kidude cha plastiki cha kuning'iniza shingoni, lakini ikilia, wanawake wazima walioolewa na kuzika waume walishtuka kama watoto wa nasari. Ikilia, anza. Ikilia tena, acha, nenda kituo cha mbele. Umechoka? Nenda. Ndiyo kwanza mwili unaanza kuzoea? Nenda. "Huyu msichana anatuchunga," Awut alinung'unika kila asubuhi, na kila asubuhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika uwanjani. Alikuwa na safari, na bila mazoezi yale hakuna ambaye angemruhusu kusafiri.

Awut alikuwa Mdinka wa upande wa Bor, mrefu kama watu wa kwao na mnene kuliko watu wa kwao, jambo ambalo yeye hakuliona kuwa kosa. Mtu aliyewahi kulala njaa hawezi kuonea haya nyama iliyo mwilini mwake. Mwaka wa tisini na moja, vita vilipoingia Bor, alikuwa bibi harusi wa juzi. Watu walikimbia kila mmoja na njia yake, yeye akaenda huku na mama yake akaenda kule. Mume alimfikisha Kakuma, akamwachia mimba ya Ayak, akarudi vitani, na huko ndiko alikoishia. Tangu hapo Awut aliishi kwa kudarizi milaya, yale mashuka ya maua ambayo nyumba ya watu wa Sudan Kusini ikiyakosa huonekana kama ya mtu anayehama. Ni kazi ya kukaa. Alikaa nayo mpaka Ayak akawa msichana wa kuchumbiwa, na mwili nao ukazoea kukaa.

Mama yake, Abang, Awut alikuwa amekwisha kumlilia siku nyingi kama mtu aliyekufa. Kisha simu za mkononi zikaenea, na siku moja binamu yake Anyang akapiga kutoka Bor, akasema, "Ngoja, kuna mtu hapa," akampa simu bibi kizee mmoja. Bibi huyo hakusalimu wala hakulia. Aliuliza, "Awut, ile tabia ya kutafuna kucha uliiacha?" Awut akakaa chini papo hapo, katikati ya njia ya soko, baiskeli zikimzunguka.

Kuanzia siku hiyo alitaka jambo moja tu duniani: amwone mama yake kwa macho kabla mmoja wao hajafa. Nchi ilikuwa imepata uhuru wake, majirani walikuwa wakifunga virago mmoja mmoja, na barabara ya kupitia Loki hadi mpakani Nadapal ilikuwa wazi. Naye akafunga virago vyake kwenye mfuko wa nailoni. Hapo ndipo mwili ulipomgeuka.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2012. Alianguka kwenye bomba la maji, akiwa katikati ya foleni. Waliokuwa nyuma yake, kwa wema wao, walisogeza kwanza mtungi wake mbele asije akapoteza nafasi, ndipo wakamwinua. Kwenye zahanati alipokewa na muuguzi Ekaale, Mturkana wa Lodwar, mtu mpole aliyependa kuwasalimia wagonjwa kwa Kiturkana hata kama hawakijui.

"Ejok, mama," Ekaale alisema, akamfunga ule mkanda wa kupimia mkononi. Alipoona namba aliacha kutabasamu. "Mama, hii si presha ya mtu anatembea. Hii ni ya mtu amelala wodi."

Wakapelekwa Lodwar, yeye na Ayak, baada ya kuhangaikia ruhusa ya kutoka kambini. Daktari wa huko alizungumza Kiingereza na Ayak kutoka mwanzo hadi mwisho, utadhani presha ilikuwa ya Ayak. Awut alikaa kwenye kiti akitazama midomo yao. Alisikia neno moja tu alilolijua, Bor, na akaona daktari anatikisa kichwa.

"Amesema nini?" aliuliza walipotoka nje kwenye jua la Lodwar, ambalo halina huruma na mgonjwa.

"Amesema huendi," Ayak akajibu. "Njia yote ni mashimo, ni jua, hakuna hospitali. Presha ikipanda huko utapooza ukiwa juu ya lori. Umeze dawa, upunguze mwili, ufanye mazoezi, kisha urudi akupime. Akisema nenda, nitakupeleka mwenyewe."

"Mazoezi gani? Mimi ni mwanajeshi?"

"Basi huendi, mama."

Ayak hakuishia hapo. Aliwaendea madereva wote wa njia ya Loki akawaambia kwamba mama yake ni mgonjwa na yeyote atakayempakia ataulizwa yeye. Awut alikasirika mpaka akashindwa kula. Mtoto aliyezaliwa kambini, anayeijua Bor kwa kusimuliwa, leo ndiye askari wa mpakani! Lakini hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Kadiri alivyofoka ndivyo kichwa kilivyomgonga, na kadiri kichwa kilivyomgonga ndivyo Ayak alivyozidi kupata haki.

Ndipo Céline akaingia maishani mwake. Shirika moja lililokuwa likishughulikia wagonjwa wa presha na sukari lilimtafuta mtu wa kuwaongoza katika mazoezi, likampata huyu, Mkongo wa Bukavu, mkimbizi vilevile, aliyekuwa mwalimu wa michezo kwao. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na alikuwa na imani na jambo lake. Alipewa uwanja nyuma ya kanisa akaupanga duara: hapa kamba ya kuruka, pale tofali la kupanda na kushuka, kule mitungi ya kuinua, ukuta wa kusukuma kwa mikono, mkeka wa kulala na kuinuka, kisha mahali pa kuchuchumaa na kusimama. Kila mwanamke na kituo chake. Unafanya kwa nguvu kidogo, filimbi inalia, unavuta pumzi, unahamia kituo kinachofuata, mpaka umezunguka vyote, kisha mnaanza upya.

"Bamama, siri ni hii," Céline aliwaambia. "Hakuna kungojea mwenzako. Wote munatumika pamoja, wote munahama pamoja. Moyo haipashwe kulala. Mumesikia?"

Walisema wamesikia. Filimbi ikalia, na wanawake wote wakaenda kwenye kamba ya kuruka, wakapanga foleni.

Céline akawatawanya. Filimbi ikalia tena. Safari hii walitawanyika kweli, lakini aliyetoka kwenye kamba aliacha kiatu chake pale, aliyetoka kwenye tofali aliacha kitambaa, na Awut, mtaalamu wa foleni kwa miaka ishirini, alikuwa ameweka ndala moja kwenye ukuta, ya pili kwenye mkeka, na kanga kwenye mitungi, akisimama katikati bila kufanya lolote, akizilinda nafasi zake zote tatu. Aliyefika kituoni akakuta ndala ya mwenzake hakuthubutu kuigusa. Kakuma mtu hugombana na nduguye, lakini alama ya mtu kwenye foleni haiondolewi. Ndiyo sheria ya bomba, na bomba ndilo linalowaweka hai.

"Viatu ni ya nini?" Céline aliuliza, mikono kichwani.

"Ni mimi," Awut akamjibu. "Mimi iko hapa."

"Lakini uko kule!"

"Mimi iko hapa pia."

Zoezi la siku hiyo lilikufa kwa namna nyingine. Mitungi ya kuinua Céline alikuwa ameijaza maji ili iwe mizito. Alipogeuka kuamua ugomvi wa ndala, Nyaluak, mama wa Kinuer mwenye sukari na mdomo mpana, alishaunyanyua wake kichwani, na wenzake wakafuata, wakatokomea makwao. Huwezi kumpa mwanamke wa Kakuma mtungi uliojaa kisha ukamwambia aurudishe chini. Kesho yake Céline aliijaza mchanga, na hakuna aliyeiba.

Basi taratibu wakajifunza. Viatu vikabaki miguuni. Awut aliruka kamba nusu kimo, alipanda tofali akilitukana, alisukuma ukuta wa kanisa kana kwamba ndio uliomzuia kwenda Bor. Watoto walichungulia wakacheka. Wanawake wa Kiturkana waliokuwa wakipita na kuni kutoka Lopur walisimama kushangaa watu wanaotoka jasho bila kubeba kitu. Mmoja wao aliuliza kama ni adhabu. Awut alimwambia ndiyo.

Hilo aliweza kulivumilia. Lililomshinda lilikuwa jambo ambalo Céline hakulijua, na ambalo hakuna aliyemwambia kwa sababu kila mmoja alidhani dunia nzima inalijua. Ayak alikuwa amechumbiwa na kijana anayeitwa Wol, wa bodaboda, kijana wa heshima, na jamaa za Ayak huko Bor walikuwa wangali wakivutana na wajomba wa Wol juu ya ng'ombe wa mahari. Sasa kwa Wadinka, mama mkwe na mkwe wake hawaonani hivi hivi. Kijana akimwona mama wa mchumba wake njiani, anakata kona. Mama akimwona kijana, anageuza uso, anajifunika. Kula mbele ya mwenzake ni aibu. Kuruka kamba mbele yake, kifua kikienda huku na makalio yakienda kule, ni jambo ambalo Awut asingeweza hata kulisimulia. Na uwanja ule nyuma ya kanisa ulipakana na kichochoro cha kutoka sokoni kwenda hospitali, na kichochoro hicho ndicho kilichokuwa mkate wa Wol.

Mara ya kwanza alipopita, Awut alikuwa juu ya tofali. Aliruka chini akakimbilia nyuma ya choo cha kanisa, na kukimbia huko, Mungu anajua, ndiko kulikuwa zoezi lake la kweli siku hiyo. Wol naye alimwona, akapinda usukani, akaingia kwenye miiba na abiria wake. Jioni alituma ujumbe kupitia kwa Ayak wa kuomba radhi. Tangu siku hiyo, kwa adabu, akawa anapiga honi tangu mbali, pale kwenye duka la Msomali, ili mama mkwe apate nafasi ya kujificha.

Adabu hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Wol alikuwa mchapakazi. Alipita mara nyingi. Filimbi inalia, Awut anashika kamba. Honi inalia, Awut yuko nyuma ya choo. Filimbi inalia, wenzake wanahama, kituo chake kiko tupu, anayemfuata anasita, duara lote linasimama. Akirudi, hajui yuko wapi. Akianza kutoka jasho, honi.

"Mama Ayak, juu ya nini unajificha?" Céline alimfuata huko nyuma ya choo siku moja, filimbi ikiwa bado mdomoni kwa hasira. "Moyo yako ikianza tu kupanda, unakuja kuilaza hapa! Ule mutu ni kijana tu!"

"Wewe hapana jua," Awut alisema, uso kwenye ukuta.

"Ni mkwe yake," Nyaluak aliita kutoka kwenye mkeka, amelala chali, akifurahia mapumziko. "Hapana ona yeye. Hata sisi Nuer iko namna hiyo. Wacha mama."

Céline aliwatazama wote, akatema filimbi ikaning'inia. "Miye nitakufa na presha mbele yenu," alisema.

Katikati ya mwaka Ekaale alimpima. Namba zilikuwa zile zile, au pungufu kiasi cha kutia huzuni tu. Awut alitoka pale zahanati akatembea mpaka kwenye laga, ule mto mkavu, akakaa ukingoni, akalia kwa hasira. Alikuwa amejitahidi! Alikuwa ameacha sukari kwenye chai, na chumvi, na usingizi wa asubuhi, amechekwa na wabeba kuni, na bado daktari wa Lodwar angetikisa kile kichwa chake. Wiki ile mama yake alikuwa amekohoa kwenye simu kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza. Ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo lake lilikuwa limemuuma vya kutosha.

"Hapa ni kambini, mama," Ayak alimwambia usiku wakila, au tuseme Ayak akila. "Wengi wameyaacha haya ya kufichana. Msalimie tu, yaishe."

"Walioyaacha wamekuwa nani? Niambie mmoja ninayemheshimu."

"Basi nimwambie Wol apitie njia nyingine."

"Njia gani? Ile nyingine imemezwa na mathenge. Akose abiria, akose kula, halafu nikuoze kwa mtu mwenye njaa?"

Hawakulala wamepatana. Lakini alfajiri Awut alifungua sanduku la bati, akatoa milaya alizokuwa akizidarizi kwa ajili ya harusi ya Ayak, zile nzuri zenye korongo wekundu na maua ya manjano, kazi ya miaka. Alizibeba begani mpaka nyuma ya kanisa, akazitundika moja baada ya nyingine kwenye ua wa miiba, upande wote wa kichochoro, mpaka uwanja ukawa na ukuta wa maua. Ayak alipofika na kuona aliziba mdomo.

"Mama! Zangu hizo!"

"Ni zako. Ukiolewa utazifua."

Watu walikuja kuuliza bei. Vumbi la Kakuma likazikalia, jua likala rangi zake, na mbuzi wa mtu akatafuna korongo mmoja mpaka shingoni. Kila lilipotokea jambo la aina hiyo Awut aliuma meno, maana kila mshono aliujua, lakini hakuziondoa. Wol akipita na honi yake, upande huu mama mkwe wake aliendelea kuruka kamba bila kuonekana. Kwa mara ya kwanza duara lilizunguka bila kukatika. Céline alisimama katikati akipiga makofi.

"Sasa tuko natumika!" alipiga kelele. "Sasa moyo iko natumika!"

Na ulifanya kazi kweli. Magoti yalimuuma kwanza, kisha yakaacha. Tofali alilokuwa akilitukana alianza kulipanda kimya. Gauni la kanisani likawa la kupunguzwa pembeni. Aliacha kunung'unika kwa lazima, ingawa kwa mazoea aliendelea, na Nyaluak alimwambia kwamba Awut mwembamba ana maneno kama yule mnene. Mwezi wa Novemba Ekaale alimfunga mkanda, akasoma, akamfunga upya kwa kutoamini macho yake, kisha akacheka. Wakarudi Lodwar. Daktari alizungumza tena Kiingereza na Ayak, lakini safari hii Awut hakuhitaji tafsiri. Alimwona akiitikia kwa kichwa.

"Amesema unaweza kwenda," Ayak alisema. "Polepole, na dawa zako, ukipumzika njiani. Amesema nenda."

Awut alitaka kupanda lori kesho yake. Ayak akasema hapana, watakwenda pamoja kama alivyoahidi, na yeye ni wa kwaya, hawezi kuiacha kwaya mwezi wa Krismasi. Wajomba wa Wol nao walikuwa wakienda Bor Januari kumaliza habari ya ng'ombe. Wangefuatana wote, safari moja. Maneno yalikuwa na akili, na Awut, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amezuiwa na watu wenye akili, alikubali kwa shingo upande.

Jioni ile alimpigia Anyang. Anyang alifurahi, akasema ni bahati amepiga mapema, kwa kuwa alikuwa anataka kumvusha bibi kizee mto, ampeleke kwa jamaa zao wa Minkaman, akae huko mpaka mvua.

"Usimpeleke popote!" Awut alisema. "Nije kutoka huku kote nimkose kwa sababu ya mtumbwi? Nipe mwenyewe."

Mama yake akashika simu, akapumua kwanza.

"Mama, nakuja. Krismasi ikipita tu. Usitoke nyumbani. Hata wakikuambia nini, usitoke, nikute hapo hapo mlangoni."

"Nitoke niende wapi?" Abang alisema. "Njoo. Nitakuwa mlangoni."

Katikati ya Desemba redio zikaanza kusema vita vimezuka Juba, Wadinka na Wanuer wakiuana. Siku chache baadaye zikasema Bor. Simu ya Anyang ikazimika, ikawa kila ukipiga mwanamke wa kampuni anakuambia kwa upole kwamba mteja hapatikani, mpaka Awut akamtukana yule mwanamke. Mazoezi hayakufa siku moja, yalikauka. Nyaluak aliacha kuja. Kwao nako kulikuwa kilio, ndugu zake wawili walikuwa wameuawa Juba. Waliobaki, Wadinka walikaa upande mmoja wa uwanja na Wanuer upande mwingine, na mtungi ulioshikwa na huyu haukushikwa na yule. Céline, aliyeziona habari kama hizi kwao, alipuliza filimbi mara moja kisha akaivua shingoni akaitia mfukoni. Malori yaliyokuwa yakipeleka watu nyumbani yalianza kuingia kutoka Nadapal yakiwa yamejaa, yakielekea huku.

Awut alikwenda kuyapokea kila siku. Alitembea kutoka nyumbani mpaka kwenye kituo cha wageni na kurudi, juani, bila kuhema, akiuliza kila bibi kizee aliyeshushwa ametoka wapi. Hakuna aliyekuwa Abang. Alimkasirikia Ayak na kwaya yake, akamkasirikia daktari wa Lodwar, akamkasirikia Wol na ng'ombe wake, na usiku, wengine wakisha kulala, alijikasirikia mwenyewe kwa kuwa alijua alichokisema kwenye simu.

Krismasi ilipopita, Anyang akapiga. Namba ilikuwa ngeni. Alikuwa Minkaman, ng'ambo ya mto, chini ya mti, na watu wasiohesabika.

"Mama yuko wapi?" Awut alisema kabla ya salamu.

"Tulipata mtumbwi," Anyang alisema. "Nilirudi nyumbani kumchukua. Nilitaka kumbeba mgongoni, Awut, ni mwepesi, si mzigo. Akashika mwimo wa mlango. Akasema, Awut ameniambia nisitoke hapa. Nikamwambia, mama, kuna risasi. Akasema, wewe nenda, mtoto wangu atafika anikose. Nilimvuta. Naapa nilimvuta mpaka akapiga kelele kwamba namvunja mkono. Watu walikuwa wanakimbia na watoto wangu wako majini. Nikamwachia."

"Halafu?"

"Waliotoka nyuma yetu wanasema upande ule wote ulichomwa."

Awut hakupiga kelele. Aliiweka simu juu ya godoro, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akabaki amekaa, macho wazi, hajibu akiitwa. Ayak alimtikisa, akamwona hapepesi, akakumbuka yote ambayo daktari alimwambia juu ya mshtuko na kupooza. Akatoka nje akiita. Wol alikuwa kwenye lango, mbali, uso pembeni, kama ilivyompasa. Aliingia mbio mpaka ndani. Walimwinua wakamkalisha nyuma ya pikipiki, Wol akaivuta mikono ya mama mkwe wake mwenyewe, akaifunga kiunoni mwake, akaondoka naye hivyo, kupitia sokoni, mbele ya watu wote, Ayak akikimbia nyuma. Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka mila.

Zahanati ilikuwa imejaa waliotoka Bor. Ekaale aliwapitisha mbele alipoona ni nani. Alimlaza, akamfunga mkanda, akabonyeza mpira. Wol alisimama mlangoni. Ekaale alisoma, akashusha pumzi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia lolote, alitabasamu.

"Afadhali, mama," alisema. "Presha iko sawa. Sawa kabisa. Moyo inapiga vizuri kama ya msichana. Unaona? Hiyo mazoezi yenu imekusaidia."

Awut alimtazama. Hilo ndilo neno alilolihangaikia mwaka mzima, na sasa lilimchoma kuliko lile la Anyang. Alitaka aambiwe kwamba moyo umepasuka. Alitaka waseme hataamka, wamlaze wodi, wamfunike shuka. Nao moyo ulikuwa unadunda tu humo ndani, mzima, hauna habari.

"Pima tena," alisema.

"Mama, nimeona vizuri."

"Mashini yako imeharibika. Pima tena!"

Ekaale akapima tena. Mkanda ulijaa upepo, ukabana, ukaachia. Alisoma namba, akamtazama Ayak aliyekuwa ameingia akilia, na hapo akafahamu, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni ile ile. Awut akamnyooshea mkono wa pili.